Hatua ya Nne

Kwa siku arobaini, mtu asiyejulikana aliyejiita Kunguru alikuwa akimtumia Zaituni marekebisho ya mwongozo wa programu ya bure ya kuhifadhi mafaili. Moja kila siku, na yote sahihi. Zaituni, msimamizi wa mwongozo huo, aliyakubali bila kuyajaribu, kwa sababu ndiyo desturi ya timu yao: programu hujaribiwa, maandishi husomwa tu.

La arobaini na moja lilimtia shaka. Kunguru alitaka amri nzima, ile ambayo mtumiaji huiandika kwenye kompyuta, ifutwe kwenye hatua ya nne.

"Si unaona," alisema Shebe, mwenzake anayepokea malalamiko ya watumiaji. "Alikuwa anakuzoesha kwanza. Sasa anapenyeza lake. Mkatalie."

"Ngoja kwanza niijaribu hiyo amri."

Alichukua kompyuta kuukuu, akaitia nakala za picha za harusi ya dada yake, akafuata mwongozo neno kwa neno. Hatua ya nne ilipokwisha, folda ilikuwa tupu.

Zaituni akamwandikia Kunguru: "Mbona hukutuambia siku ya kwanza?"

Jibu halikukawia. "Niliwaambia, dada. Mwaka jana, kwa jina langu, siku niliyopoteza rekodi ya sauti ya marehemu mama. Mkanifungia nisiandike tena."

Zaituni alisoma mara mbili, kisha akageuza kiti. Shebe alikuwa ameinama chini ya meza, akipapasa sakafuni, akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.