Ngurumo ya Upande wa Pili

Mpima aliinua sindano kutoka kwenye santuri, akafunga kifuniko cha gramafoni, kisha akamgeukia rafiki yake.

“Iko wapi?”

“Nini?” Kinyozi akauliza, ingawa alijua.

“Ngurumo.”

Kwa miaka mingi, kila Jumamosi alasiri, wazee hawa wawili walikaa sebuleni kwa Mpima kusikiliza roki ya miaka ya sabini, ile ya nyimbo ndefu zisizochezeka. Mmoja alikuwa amestaafu upimaji ardhi, mwingine bado alikuwa na kibanda chake cha kunyolea. Hakuna mtu mwingine mtaani aliyeuvumilia muziki ule hata kwa kikombe kimoja cha chai.

Santuri waliyoipenda kuliko zote ilikuwa na picha ya ngazi iliyosimama peke yake jangwani. Upande wa pili ni wimbo mmoja tu. Kinanda cha umeme kinazunguka weee, filimbi inalia, inanyamaza. Na katika ukimya ule, kutoka mbali, inaanza ngurumo. Inapanda taratibu mpaka unaihisi kwenye miguu ya kochi. Mpima alizoea kusema kwamba hapo ndipo wapiga muziki wale walipowaacha wenzao kwenye mataa. Kinyozi hakuwa mtu wa maneno mengi, yeye alifumba macho tu.

Leo filimbi ilinyamaza, ukafuata ukimya, kisha likaingia gitaa. Basi.

“Nilikuazima toleo la kwanza,” Mpima akasema. “Wewe umenirudishia hili la siku hizi, lililosafishwa.”

“Ndugu yangu, ni lilelile. Tazama mkwaruzo wake.”

“Mkwaruzo hata mimi naweza kuuchora.”

“Sasa nibadilishe ili iweje?”

“Wewe ndiye unayejua. Nyumbani kwako, ngurumo uliisikia?”

Kinyozi akasita. Hakuisikia. Alidhani ni spika zake, ambazo hazikuizidi sana mikebe ya dawa ya viatu. Lakini hakuzoea kusema uongo.

“Hapana.”

“Umesikia mwenyewe,” Mpima akasema, akamfungulia mlango. Alikuwa amevaa shati lilelile la Jumamosi iliyopita, na kochi la pili lilikuwa limefunikwa kwa suruali na mashuka. Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza binti yao aliyejifungua, na Mpima aliishi mle kama mtu aliyehamia jana. Kinyozi aliona haya kubishana na mtu wa hali ile, akaenda zake.

Kinyozi alifiwa na mke zamani, na wanawe walikuwa mbali. Wiki yake nzima ilikuwa ikiegemea ile Jumamosi. Sasa alifunga kibanda mchana, akarudi nyumbani, akawasha redio, akaizima. Alianza hata kujishuku. Huenda kweli aliibadilisha bila kujua. Akapekua kabati, akatazama chini ya kitanda, akakuta kiatu alichokuwa amekwisha kukisahau.

Kilichomuumiza zaidi ni siku alipomwona Mpima ng'ambo ya barabara, kichwa kimenyolewa na mtu mwingine, tena vibaya, upande mmoja juu na mwingine chini. Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu. Siku ile alitaka kulia.

Hatimaye mke wa Mpima akarudi, akampigia simu.

“Shemeji, njoo Jumamosi, nakuomba. Huyu mtu ananifuata mpaka jikoni kunifundisha kukata vitunguu. Akikaa na wewe na hayo makelele yenu, mimi angalau napata nafasi ya kufanya kazi zangu.”

Kinyozi alifika mapema kupita kiasi. Mpima alikuwa bado chumbani akivaa, kwa hiyo akamngoja peke yake sebuleni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kochi la pili lilikuwa tupu. Mpima alipotoka, mkewe akawaletea chai, akafunga mlango nyuma yake, akapotelea huko ndani.

Mpima hakumpa mwenzake mkono.

“Tutaisikiliza mara moja tu,” akasema. “Ngurumo isipokuwapo, kila mtu ashike njia yake.”

Upande wa kwanza ukaisha. Mpima akageuza. Kinanda kikazunguka, filimbi ikalia. Kinyozi akafumba macho, si kwa raha bali kwa woga. Filimbi ikanyamaza.

Kutoka mbali, taratibu, ikaanza ngurumo.

Ikapanda. Ikaingia kwenye miguu ya kochi. Kinyozi akafumbua macho na kumwona mwenzake anamtazama, machozi yakimlengalenga.

“Nilipokuwa chumbani,” Mpima akanong'ona. “Umeirudisha nilipokuwa chumbani.”

Kinyozi akafungua kinywa akane. Akakitazama kile kichwa kilichonyolewa upogo, akazifikiria Jumamosi zote zilizobaki, za wote wawili, ambazo hazikuwa nyingi.

“Ndiyo,” akasema. “Nimeirudisha. Nisamehe, ndugu yangu, shetani alinipitia.”

“Yamekwisha,” Mpima akasema, akamshika mkono na kuung'ang'ania. “Mtu akikiri, yamekwisha. Na kesho nakuja kibandani, unirekebishie hiki kichwa.”

Kinyozi akatikisa kichwa kukubali.

“Hebu tuirudie tangu kwenye filimbi,” Mpima akasema, akainua sindano.

Ngurumo ikazidi kupanda.

“Nyie wazee,” mkewe akaita kutoka uani, “hiyo mashine ya kufulia ikimaliza kukamua, nileteeni nguo nianike.”