Taarifa ya Habari kwa Vina

Katika mji huu wa ugenini, mgeni hafunguliwi intaneti mpaka aitoe kichwani, kwa lugha yao, taarifa ya habari ya redio yao, bila kuacha habari hata moja. Nilifeli siku kumi na tisa, na mama huko Pangani hakujua kama niko hai.

Siku ya ishirini nikaipanga taarifa kama shairi: maneno yao, vina na mizani yetu. Nikaighani mbele ya mashine inayowapima wageni, kifua mbele. Intaneti ikafunguka! Nikampigia mama kwa video.

“Mbwana, mwanangu! U mzima?”

“Mzima, mama! Nimewaweza!”

“Ndiwe wewe, na maringo yako!” Akacheka huku akilia. “Haya, mtungie mama ubeti.”

Nikautunga papo hapo. Vina vilikaa, mizani haikupungua. Mama akasogeza sikio kwenye simu: “Unasemaje, mwanangu?”

Nilikuwa nimeutunga wote kwa lugha yao.