Folda ya Shaweji

“Usiniite wifi. Wifi yangu alikuwa mke wa kaka yangu, na wewe umeshaolewa kwingine,” Tausi alisema bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta ya studio.

“Mtoto ni damu yenu,” Mwanakheri alijibu. “Amesahau hata sauti ya marehemu baba yake. Kaswida zote za Shaweji zimo humo kwenye folda yake, nawe umenitoa kwenye kundi la familia lenye ruhusa ya kompyuta hii, siwezi kuzifungua.”

“Mlete mtoto akae kwetu, atazisikia asubuhi na jioni.”

“Mwanangu simtoi.”

“Kwani huyo baba wa kambo hajui kuimba?”

Machozi yalimlengalenga Mwanakheri. Tausi akamtazama, kisha akaandika amri moja.

“Haya, nimekurudisha kwenye kundi. Usije ukasema nilikunyima.”

“Mungu akuweke, wifi.”

Tausi akaandika amri ya pili, ya kuipachua diski ya nje iliyobeba kaswida zote za folda ile. Akaichomoa, Mwanakheri akiwa bado anafuta machozi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya deki, kisha akampisha kiti.

Mwanakheri aliketi, akabofya jina la marehemu mumewe. Folda ilifunguka mara moja, bila kumkatalia, nyeupe, tupu. Akabofya tena.