Pikipiki Nyekundu ya Eliécer

Kijani kilikuwa kimerudi.

Eliécer aliinama kando ya pikipiki yake akakiona kwa macho yake. Rangi nyekundu ilikuwa imevimba ubavuni mwa tangi, imefanya malengelenge, na alipoikwangua kwa ukucha ikabanduka ganda zima. Chini yake kulikuwa na kijani kilekile cha kasuku ambacho Cañabrava nzima ilikuwa inakisaka.

Alifunga taulo juu ya tangi, akawasha pikipiki, akashika njia ya Pueblo Hondo, kwenye karakana iliyompa rangi hiyo.

Walikuwa wanatafuta pikipiki ya kijani tangu Keila, binti wa Mama Nubia, alipogongwa darajani akitoka kwenye mazoezi ya ngoma na sketi yake ya njano. Mgongaji hakusimama. Aliyeona kwa mbali aliona rangi tu. Eliécer alikuwa ameinunua mjini siku hiyohiyo, hakuna jirani aliyewahi kumwona nayo, na kabla habari hazijasambaa alikuwa ameshaikimbiza kwa fundi. Kwa watu wa Cañabrava, alikuwa amenunua pikipiki nyekundu. Mazishini alituma maua, akasingizia homa.

Alimkuta fundi Aníbal chini ya feni, fulana imetapakaa rangi za kila aina.

"Fundi, hii ndiyo kazi gani?" Eliécer alifoka. "Nimekuletea pikipiki, umenirudishia ukoma!"

"Si ulinikimbiza, bosi? Nilikwambia ya zamani lazima ipigwe msasa mpaka chuma, ukasema piga juu kwa juu." Aníbal aliifungua taulo akatazama. "Na leo pia una haraka, naona."

"Jumapili ni sikukuu ya Bikira wa Mlima Karmeli, mlinzi wetu madereva. Lazima niwe kwenye msafara."

"Mwaka huu pumzika. Bikira hatakununia."

"Kwetu mwaka huu hakuna kupumzika." Sauti ilimshuka. "Kuna mama kasimama mbele ya kanisa akasema, mwenye pikipiki asiyekuja kubarikiwa ana jambo lake. Jumapili watu watakuwa wanaangalia nani hayupo. Nisipoonekana nimekwisha... maana yake, watanisema."

Fundi alichukua bisibisi, akafungua ukingo wa taa ya mbele iliyokuwa imepinda kidogo, akachomoa kitu chembamba cha njano kwa ncha za vidole. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili, kisha akakitia mfukoni.

"Nini hicho?"

"Uzi tu. Huyo mama unamjua?"

"Nani asiyemjua? Anauza arepa, vile vimkate vya mahindi, pale stendi."

"Mimi kule sina ndugu," alisema Aníbal, ingawa hakuulizwa. "Niachie pikipiki, bosi. Safari hii nitaifanya mwenyewe, vijana hawataigusa. Kazi nitakayokufanyia hutaisahau."

Siku alizoisubiri, Eliécer hakula akashiba. Mbwa akibweka alichungulia dirishani. Mama Nubia alipopita na beseni lake kichwani, alijificha nyuma ya pazia kama mtoto, na alijichukia kwa hilo.

Alipoifuata, aliikuta nyekundu tupu, haina lengelenge hata moja. Aliizunguka mara mbili akitafuta kasoro.

"Mbona haing'ai?"

"Ndiyo mtindo wa sasa. Vijana wa Barranquilla hawataki tena mng'aro, wanasema ni mambo ya wazee."

Eliécer alipitisha kidole gumba kwenye tangi. Wekundu kidogo ukamganda.

"Bado mbichi," fundi alisema. "Usiioshe. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, iweke kivulini. Jumapili itakuwa tayari."

Eliécer alimkumbatia kwa furaha. Aníbal alisimama vilevile, mikono imening'inia.

Jumapili honi zilianza kulia asubuhi. Pikipiki, malori na teksi zilijipanga na maputo yao mpaka nje ya mji. Baraka ya Cañabrava si ya kunyunyiziwa matone. Padri wao humwaga ndoo nzima, na dereva asiyerudi kwake ameloa chepechepe huona amepunjwa. Mwaka huu, mvua ilivyogoma, watu waliyangojea maji hayo kwa hamu zaidi.

Mama Nubia alisimama chini ya ngazi za kanisa kwa nguo nyeusi, akizitazama pikipiki moja baada ya nyingine. Eliécer alifika mbele yake ameinamisha kichwa, suruali yake nyeupe imepigwa pasi. Akafanya ishara ya msalaba. Leo ikipita, aliwaza, yamekwisha. Alipoinua macho, mama yule alimwitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni.

Padri akamwaga ndoo.

Eliécer alifumba macho. Alisikia vigelegele, kisha honi za nyuma yake zikazima moja moja, mpaka akasikia maji tu yakidondoka. Alipofumbua, suruali yake ilikuwa nyekundu mpaka vifundoni na wekundu ulikuwa unachuruzika kati ya mawe. Katikati ya magoti yake tangi lilikuwa la kijani, halina hata mkwaruzo, limesuguliwa kwa nta mpaka mnara wa kanisa ulionekana ndani yake.

Aligeuka kutafuta njia. Watu walikuwa wameshaifunga. Kando ya Mama Nubia, amemshika mkono, alisimama fundi Aníbal, baba wa ubatizo wa Keila.

"Padri," Mama Nubia alisema, "mwongeze maji."