Jina Lililobaki Nje ya Tasnifu

Tasnifu ya uzamili ikishafaulu, yaliyomo yote hufutwa kichwani mwa mwandishi, yakabaki maktaba peke yake. Raiye aliijua sheria hiyo. Alipoandika kuhusu bibi yake na nyimbo zake za kubembeleza watoto, aliacha nje neno moja tu, jina ambalo bibi alimwimbia yeye: Kakoko. Raiye alikuwa mpenda ukoko wa wali tangu utotoni.

"Ubeti wa tatu una pengo, binti yangu," alisema mtahini, Profesa Mshamu. "Lijaze nikupe A."

"Nipe B, Profesa."

"B kwa neno moja! Ama kweli umekaidi."

Akapewa B. Jioni ile alimpakata mwanawe, Nasra, akajaribu kumwimbia. Hakuna kilichokuja ila lile jina.

"Lala, Kakoko."

Nasra akacheka. "Ndiyo nini hiyo, mama?"

Raiye alifikiri sana. Alijua tu kwamba analipenda.

"Kuna mtu alikuwa akiniita hivyo."

"Nani?"

Alitafuta sura, sauti, hata harufu ya kanga. Hakupata.

"Yuko wapi sasa?"

"Maktaba," alijibu Raiye. "Nadhani yuko maktaba."