Muziki wa Kushukia Ngazi

Mpiga ngoma aliinua kiganja apige, binti yangu Ibtisamu akakidaka kikiwa hewani.

“Mama, utatuaibisha! Muziki uliochagua ni wa ile filamu, pale maiti ya mke inapotolewa nyumbani. Kairo nzima inaujua!”

Nilikuwa juu ya ngazi za ukumbi, bibi harusi wa miaka sitini na tisa. Chini, bwana harusi ananingoja na mkongojo wake. Kwetu bibi harusi hashuki bila ngoma na tarumbeta, na muziki niliuchagua mwenyewe.

“Filamu sijaiona,” nikamwambia. “Muziki nimeusikia redioni miaka arobaini nikikaanga biringani. Hamna maiti humo, mwanangu. Ukifika pale katikati, mwenye kiuno hatulii.”

“Wageni watalia!”

“Walie. Chakula kikija watanyamaza.”

“Na bwana ana miaka themanini! Ataona unamchuria kifo. Akigeuka akaondoka je?”

Hilo lilinitia wasiwasi kidogo, maana mwanamume wa kukungoja na uzee wako haokotwi sokoni. Nikachungulia chini. Alikuwa ameegemea mkongojo, macho yote kwangu.

Kiganja cha mpiga ngoma kilikuwa kinene, kimeota sugu kama kisigino. Nikabandua vidole vya binti yangu kutoka pale, kimoja kimoja.

“Umeona wapi maiti anashuka ngazi mwenyewe, tena na viatu virefu?”

Nikainua pindo la gauni, nikatanguliza mguu wa kulia.

“Piga, baba. Na usipige polepole.”