Ngome Iliyokataa Wageni

Tangu sheria ilipoyapa majengo ya kale haki ya kukataa wageni, gofu la ngome ya Harnwick, huko mashambani Uingereza, lilikuwa halijamfungulia mtu. Miaka tisa watu walibonyeza kengele, wakaonyesha vibali, wakarudi walikotoka wamelowa mvua.

Salha alimleta mama yake hivyo hivyo tu. Bi Mwanshamba alikuwa akirudi Pemba kesho yake, na kwa miezi mitatu aliyokaa kwa mwanawe hakuna jirani hata mmoja aliyemkaribisha kwake.

"Bonyeza kengele, mama."

"Nyumba ya watu hiyo. Kwani mimi polisi?" Bi Mwanshamba akavua viatu, akasimama kando ya lango asije akachungulia ndani. "Hodi!" Akangoja. "Hodi wenyewe!" Kondoo wakainua vichwa. Akaita mara ya tatu, kisha akageuka. "Hawapo. Twende zetu."

Bawaba zikalia nyuma yao. Lango likafunguka.

"Karibu, mama," zikasema kuta, kwa Kiswahili cha Pemba kabisa. "Na huyu mwanao, ukishaondoka kesho, atakuwa anakuja?"

Salha, ambaye hakuwa amemwambia mtu anavyoiogopa hiyo kesho, akainama akavua viatu.